Mwenda Jangwani Haachi Msafara

Mwaka 1352, katikati ya jangwa la Sahara, msafara wa wafanyabiashara uliokuwa ukitoka Sijilmasa, mji wa Morocco, kwenda nchi ya Mali, ulimkuta mtu amelala chini ya kijiti kimoja cha mchangani. Nguo zake zilikuwa mwilini, na mkononi ameshika mjeledi. Alikuwa maiti, na kiu ndiyo iliyomuua. Na maji, asema aliyesimulia habari hii, yalikuwa mbali naye mwendo wa maili moja tu.

Msimulizi wa kisa hiki si mgeni kwetu. Ni Sheikh Ibn Battuta wa Tanja, yule yule aliyetia nanga Mombasa mwaka 1331, akalala usiku mmoja, kisha akashika njia ya Kilwa. Sisi watu wa mwambao twapenda sana kuyakumbuka aliyotuandikia: kwamba wazee wetu walikuwa watu wa dini, misikiti yao ya mbao imejengwa madhubuti, na kila mlango wa msikiti una kisima kimoja au viwili ambavyo kina chake hakipiti dhiraa moja au mbili, pamoja na chombo cha mti cha kuchotea maji ya kutilia udhu. Hapo ndipo wengi wetu tunapomwachia. Tumfuate kidogo leo hata mwisho wa safari zake, miaka 21 baada ya kututembelea, alipotoka katika nchi za visima vya dhiraa mbili akaingia katika nchi ambayo kutoka kisima hadi kisima ni siku 10.

Nasema tumfuate kwa sababu haja ipo. Zamani jangwani akienda mwenye dharura: mfanyabiashara, Haji, au mchunga ngamia. Leo watu huenda kwa kutembea tu, kwa miguu, kuyaona ya Mola na kupumzisha roho. Vijana wetu walioko Muscat, Dubai na Jeddah wakipata siku ya mapumziko hujikusanya wakaelekea kwenye machuguu ya mchanga au kwenye mabonde ya majabali. Humu mwetu Kenya nako, watu wa Mombasa na Malindi wanapanda hadi Marsabit kwenda kuliona jangwa la Chalbi. Si jambo baya; kutembea duniani na kuzingatia tumeamrishwa. Lakini kijana aliyezaliwa penye minazi na bahari aweza kudhani ya kwamba jangwa ni ufuo tu uliokosa maji. Akidhani hivyo amepotea kabla hajaondoka nyumbani.

UGOMVI WA WATU WAWILI

Msafara wa Ibn Battuta uliondoka Sijilmasa tarehe mosi Muharram mwaka 753 wa Hijra, nayo ilikuwa Februari 1352. Baada ya siku 25 wakafika Taghaza, kijiji ambacho nyumba na msikiti wake vilijengwa kwa mawe ya chumvi na kuezekwa ngozi za ngamia. Kutoka hapo mbele palikuwa na mwendo wa siku 10 usio na maji. Mungu aliwarehemu mwaka ule, wakakuta madimbwi yaliyoachwa na mvua, wakanywa na kufua nguo zao.

Kwa sababu ya neema hiyo watu wakalegea. Wakawa na ada ya kutangulia mbele ya msafara, na kila wakipata penye majani huwalisha wanyama wao. Waliendelea hivyo mpaka siku mmoja wao, aitwaye Ibn Ziri, alipogombana na binamu yake. Wakatukanana. Ibn Ziri, kwa hasira, akajitenga na kubaki nyuma. Msafara ulipotua hakuonekana. Ibn Battuta akamshauri yule binamu amkodi mmoja wa watu wa kabila la Masufa, ambao wanajua kufuata nyayo, amrudie nduguye. Akakataa. Siku ya pili Mmasufa mmoja akajitolea mwenyewe bila ya ujira. Akaziona nyayo za Ibn Ziri, mara zimo njiani, mara zimetoka nje ya njia, lakini yeye mwenyewe hakupatikana, wala habari yake.

Baada ya hapo ndipo walipokutana na msafara mwingine, ukawaambia kuwa baadhi ya watu wao wamepotezana nao. Na mmoja katika hao waliopotea ndiye yule maiti wa chini ya kijiti, mwenye mjeledi mkononi.

Tazama, ndugu msomaji, watu hawa wawili waliponzwa na nini. Maji yalikuwapo. Mwaka ule ulikuwa wa mvua. Njia ilikuwapo, na wenyeji waijuao walikuwapo. Kilichokosekana ni mwenzi wa kusema: si huko, ni huku. Ibn Battuta mwenyewe aliyapata mazingatio hayo, kwani asema tangu siku ile hakutangulia tena mbele ya msafara wala hakubaki nyuma yake. Mtu aliyetembea duniani karibu miaka 30, aliyenusurika na tufani na maharamia wa baharini, alipofika jangwani aliiweka mashuhuri yake kando akaenda katikati ya watu.

MTU ALIYETANGULIZA HABARI

Kuna jambo jingine katika safari hiyo ambalo lastahili kufundishwa watoto. Njiani palikuwa na mahali paitwapo Tasarahla, ambapo misafara ilipumzika siku tatu. Hapo watu walishona viriba vyao vilivyopasuka, wakavijaza maji, kisha wakavishonea magunia kwa nje kusudi upepo wa moto usiyakaushe maji yaliyomo. Na hapo ndipo walipomtuma mtu aitwaye takshifu.

Huyu takshifu ni Mmasufa aliyekodiwa na msafara mzima. Kazi yake ni kutangulia peke yake hadi mji wa Walata, akiwa na barua za wasafiri kwa jamaa na rafiki zao walioko huko, ili wawakodie nyumba na watoke na maji kuwalaki mwendo wa siku nne nje ya mji. Asiyekuwa na rafiki Walata humwandikia mfanyabiashara yeyote anayejulikana kwa wema. Ujira wa takshifu mwaka ule ulikuwa mithkali 100 za dhahabu, na si fedha nyingi ukijua anachobeba. Kwani pengine takshifu hufia njiani. Akifa, watu wa Walata hawajui kwamba kuna msafara unakuja, hawatoki na maji, na watu wa msafara ule huangamia wote au wengi wao.

Usiku wa saba Ibn Battuta na wenziwe wakaona mioto mbele yao gizani. Walikuwa ni watu wa Walata, wametoka na maji. Furaha yao naiacha kwa msomaji aipime mwenyewe.

Leo hatuna takshifu, lakini kazi yake haikufa. Kila aendaye jangwani yampasa aache habari nyuma na kutanguliza habari mbele: naondoka siku fulani, napita njia fulani, tuko watu kadhaa, na lau siku fulani magharibi hatujaonekana, tutafuteni. Habari hii apewe mtu mwenye akili timamu, si mtoto wa jirani. Ipelekwe kituo cha polisi au cha walinzi wa hifadhi, au kwa mwenye nyumba ya wageni. Na wanaoambiwa waambiwe kweli. Ukibadili njia baada ya kuaga, umewatuma wakutafute usipo. Simu ya mkononi si badala ya jambo hili, maana jangwani aghalabu haishiki, na betri yake hufa kama afavyo mtu. Viko vyombo vya kupeleka habari kwa njia ya satelaiti, na mwenye uwezo anunue au akodi. Lakini hata chombo hicho chahitaji mtu wa upande wa pili anayejua kwamba upo.

BIRIKA ZA BIBI ZUBAYDA

Wako waliosema kwamba mtu akimtegemea Mungu hapaswi kuhangaika na haya. Watu hao si wa leo. Imepokewa kwa Ibn Abbas ya kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila ya chakula, wakisema wao ni wenye kutawakali, kisha wakifika Makka huwaomba watu. Hapo ikateremka aya ya 197 ya Suratul Baqara inayowaamuru wasafiri wachukue masurufu, na kuwakumbusha kwamba masurufu yaliyo bora ni ucha Mungu. Wanavyuoni wetu walitufundisha tuyashike yote mawili, na moja halifuti jingine.

Aliyeielewa aya hiyo kwa vitendo ni Bibi Zubayda binti Jaafar, mke wa Khalifa Harun Rashid, aliyefariki mwaka 831. Njia ya Mahujaji kutoka Kufa, nchi ya Iraq, hadi Makka ni zaidi ya kilomita 1,400, na sehemu kubwa yake ni jangwa tupu. Njia hiyo ilikuwapo kabla yake, na makhalifa wa Bani Abbas waliitengeneza, lakini Bibi huyu alitoa mali nyingi kuchimba visima na kujenga birika za mawe za kukusanyia maji ya mvua, hata njia yenyewe ikaitwa kwa jina lake, Darb Zubayda. Vituo vikuu viliwekwa kwa kiasi cha mwendo wa siku moja, na kati yake vikawekwa vituo vidogo. Penye mchanga mwingi njia ilisafishwa na kutiwa mawe, na nguzo za masafa zikasimamishwa ili msafiri ajue ametoka wapi na amebakisha nini.

Ibn Battuta alipita njia hiyo Novemba 1326, akitoka Makka na msafara wa Iraq. Alishuhudia birika hizo zingali zikinywesha watu karibu miaka 500 baada ya mwenyewe kuingia kaburini. Na msafara wenyewe ulipangwa vizuri ajabu. Palikuwa na ngamia wa kubeba maji kwa ajili ya maskini, ngamia wa kubeba chakula cha sadaka, na dawa kwa wagonjwa. Walisafiri usiku, mienge ikiwaka mbele ya ngamia mpaka giza likawa kama mchana.

Baadhi ya birika hizo zingali zasimama hata leo katika Saudia, na wako watu wanaotembea vipande vya njia hiyo kwa miguu kwa kuizuru tu. Anayezipita azitazame vizuri. Mtu aliyejenga birika mahali ambapo hatakunywa mwenyewe alikuwa akimfikiria asiyemjua. Ndiyo adabu ya jangwani kwa ufupi wake: kila mmoja ni mlinzi wa kiu ya mwenziwe.

RAFIKI WA NJIA

Mabedui wa Bara Arabu walikuwa na desturi ambayo wazee wetu waliosafiri Oman waliijua. Mgeni hapiti katika nchi ya kabila bila ya mtu wa kabila hilo kwenda naye. Mtu huyo, rafiki au rabia wake, humwongoza njia na humdhamini pia. Amguse mgeni yeyote, amegusa kabila. Mwingereza Wilfred Thesiger, ambaye baadaye alikaa miaka mingi kwetu Kenya huko Maralal, alilivuka jangwa la Rub' al-Khali mara ya kwanza mwaka 1946 kwa desturi hiyo. Dunia ilimsifu yeye. Lakini aliyeijua njia katika milima ya mchanga ni Muhammad al-Auf wa kabila la Rashid, na Thesiger mwenyewe hakuficha kwamba bila ya wenzi wake wa Kibedui asingalipita.

Desturi hiyo imerudi kwa sura mpya. Katika Sinai, Misri, makabila ya Mabedui yalianzisha mwaka 2015 njia ndefu ya kutembea kwa miguu, ambayo sasa ina urefu wa kilomita 550 na kupita katika nchi za makabila manane. Kila kabila huwaongoza wageni katika eneo lake, kisha huwakabidhi kwa kabila linalofuata, kama wakabidhianavyo marubani wa bandari. Jordan nako kuna njia ya zaidi ya kilomita 650 kutoka Umm Qais kaskazini hadi Aqaba penye bahari, na katika sehemu zake za jangwani kiongozi mwenyeji ni mali kuliko ramani. Kwa nini? Ramani itakuonyesha kisima, lakini haitakuambia kwamba kisima hicho kimekauka tangu mwaka jana. Mchunga ngamia aliyenywesha hapo juzi ndiye ajuaye.

Chalbi ni vivyo hivyo. Ni bonde la ziwa lililokauka, upande wa mashariki wa Ziwa Turkana, ardhi nyeupe ya chumvi ambayo macho huchoka kuitazama. Wagabra wa Kalacha, Maikona na North Horr wanajua visima vyao na ngamia wao kama sisi tujuavyo mlango wa bahari na miamba yake. Mgeni anayefika asione haya kuuliza, wala asione ghali kulipa ujira wa kiongozi. Hakuna nahodha anayeingia bandari asiyoijua bila ya rubani, na hakuna anayemcheka.

ALIYEKIMBIA NDANI YA TUFANI

Huenda kijana akasema hayo ni ya zamani, siku hizi kuna helikopta. Basi asikilize ya mwaka 1994. Kusini mwa Morocco hufanywa mbio za siku kadhaa za kuvuka jangwa, kiasi cha kilomita 250. Mwaka huo Mwitalia mmoja, Mauro Prosperi, mtu wa mazoezi na mwenye afya, alikutwa na tufani la mchanga akiwa mbioni. Kanuni ya mbio ilikuwa kwamba tufani likija simama, ngoja. Yeye hakutaka kupoteza nafasi yake, akaendelea kwenda. Tufani lilipotulia, njia haikuwapo, wala mtu hakuwapo.

Alijihifadhi katika kaburi la walii lililokuwa tupu. Ndege ilipita na helikopta ilipita; hazikumwona. Alikunywa mkojo wake na damu ya popo, akala mijusi. Kilichomwokoa, baada ya rehema ya Mungu, ni kwamba alianza kutumia akili ya wenyeji: kutembea asubuhi mapema na jioni, kujificha kivulini mchana, na kuelekea upande mmoja bila ya kugeukageuka. Baada ya siku tisa hivi alifika kwa watu wa jangwani waliomwokoa, naye yuko Algeria, karibu kilomita 300 nje ya njia yake, amepungua zaidi ya kilo 15.

Huyo alipona. Lakini saa chache za kungoja chini ya shuka zingalimtosha.

NA MAJI NAYO HUUA

Ajabu ya jangwa ni kwamba maji yanayokosekana siku zote huja siku moja yote pamoja. Aprili 1963, huko Petra, nchi ya Jordan, watalii walikuwa wakipita katika ufa mwembamba wa majabali uitwao Siq, ambao ndio mlango wa mji ule wa kale. Mvua ilinyesha juu milimani. Gharika ikaingia katika ufa ule, na zaidi ya watalii 20 kutoka Ufaransa wakafa maji.

Wanabati, waliojenga mji huo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, waliijua hatari hiyo. Walijenga boma kwenye mdomo wa Siq na kuchonga shimo la kupitisha maji kando katika jabali. Lakini boma lilikuwa limebomoka zamani na halikutengenezwa mpaka watu walipokufa. Basi asiyejua na ajue: wadi za Oman na laga za kaskazini ya Kenya ni njia za maji hata kama vumbi lake hujaona likilowa. Usitandike hema ndani yake kwa sababu mchanga ni laini. Ukiona mawingu meusi milimani, hata kama juu yako ni jua, toka upande mahali pa juu. Na ukikuta maji yanapita kwa nguvu, keti ungoje. Maji ya jangwani hayakai.

YA KUSHIKA

Sasa niyakusanye yaliyobaki kwa mkato, maana baadhi yake ni ya madaktari na baadhi ni ya wazee.

Maji: Mtu anayetembea katika joto kali aweza kutoka jasho lita moja kwa saa, na pengine zaidi. Asichukue chini ya lita nne kwa siku, na katika joto kubwa na mwendo mrefu hata hizo hazitoshi. Anywe kidogo kidogo anapoona kiu, asiyafiche maji kwenye mkoba kama dhahabu; wako waliokutwa wamekufa na chupa zina maji. Jasho ndilo la kubania, si maji: nenda polepole, kaa kivulini. Wala asinywe maji matupu mengi mno bila kula kitu, kwani chumvi ya mwili ikipungua nayo huangusha. Tende, mkate na kitu chenye chumvi vifuatane na maji.

Wakati: Ondoka baada ya sala ya alfajiri. Jua likipanda, kwenye saa nne, tafuta kivuli, na usitoke tena mpaka alasiri. Msafiri amepunguziwa sala na kuruhusiwa kufungua saumu, na asiye na maji ya udhu ana mchanga wa kutayamamia. Aliyekuumba amekuhurumia, basi nawe ujihurumie.

Mavazi: Nguo pana za kufunika mwili mzima, kilemba au kofia pana, viatu vya kufunga. Hili sisi hatuna haja ya kufundishwa. Kanzu na kilemba vilijua kazi yake kabla ya hao wanaotembea vifua wazi. Usisahau kitu cha kujifunikia usiku, maana jangwa lililokuchoma mchana hukutetemesha alfajiri. Na viatu vikung'utwe asubuhi kabla ya kuvaliwa, kwani nge hupenda mahali penye joto.

Ugonjwa: Mwenzako akiumwa kichwa, akiona kizunguzungu au kutaka kutapika, safari imesimama. Mtieni kivulini, mlegezeni nguo, mpeni maji kidogo kidogo. Akianza kusema yasiyoeleweka au kuyumba kama mlevi, na mwili wawaka moto, hiyo ni hatari ya kufa. Mlowesheni maji mwili mzima, mpepeeni, na msaada utafutwe mara moja. Aliyezimia asinyweshwe kitu.

Kupotea: Ukijua umepotea, simama. Usikimbie huku na huku. Ukiwa na gari, kaa nalo. Gari laonekana kutoka mbali, mtu haonekani. Kioo cha kumulika jua, firimbi, tochi na nguo ya rangi kali ni vyombo vidogo vilivyookoa watu wengi. Aliyeacha habari nyuma yake anajua kuna watakaokuja, na kujua huko humtuliza asifanye ya wazimu.

Wenzi: Mtume, rehema na amani zimshukie, alituonya juu ya kusafiri peke yetu usiku, na akafundisha kwamba watu watatu wakisafiri wamfanye mmoja wao amiri. Amiri ndiye wa kusema tupumzike na ndiye wa kusema turudi. Mwendo uwe wa yule aliye dhaifu kuliko wote, si wa yule mwenye misuli. Na kama mna ugomvi, uwekeni kwenye mkoba mpaka mfike. Ibn Ziri na binamu yake wangalikuwa na muda mwingi wa kutukanana Walata.

Yule binamu aliingia mjini, akalakiwa kwa maji na mioto kama wengine. Siku aliporudi Sijilmasa, sijui alimwambia nini mama wa Ibn Ziri. Nawaachia vijana wetu beti mbili hizi wende nazo:

Ndugu yangu wa safari, sikiza yangu ishara,
Jangwani kuna hatari, mwendo wataka busara,
Pumzika adhuhuri, jua linapokukera,
Hukhasiri msafiri, akiwacha msafara.

Yule maji hakupata, alokufa kwa harara,
Mjeledi hakuwata, wenzi wangekuwa bora,
Kisima angekifwata, angeongozwa kwa dira,
Hukhasiri msafiri, akiwacha msafara.